Mananasi ya Saloni

Nilipoolewa Mpofi nikitokea kwetu Nyamitaba, nilidhani nitauza dukani. Bwana yangu alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa Butembo, na duka lao la chumvi, sabuni na vitenge lilikuwa kando ya barabara. Lakini asubuhi yangu ya kwanza pale, mama yake, mjane aliyetawala nyumba nzima bila kupandisha sauti, alinishika mkono akanipeleka saloni, mahali wageni walipokaa. Dirishani alikuwa amepanga maua yake ndani ya mikebe ya mafuta. Majani yalifanana na ya nanasi, ila yalikuwa laini, bila miiba, na yaling'aa. Aliwahi kuleta mche mmoja kutoka Goma, ukazaa mingine yote. Pale nyumbani waliyaita mananasi ya saloni.

“Hii hailiwe,” akaniambia. “Maji usimwange ku udongo. Unamwanga hapa katikati, mu roho yake. Maji ya mvula tu. Ikianza kunuka, unainamisha mukebe, unamwanga ingine.”

Ndivyo nilivyopewa kazi. Nilikinga mvua kwenye beseni, nikapangusa majani kwa kitambaa kilicholowa, nikasogeza mikebe jua lilipokuwa kali. Udongo wa shamba unayaozesha, kwa hiyo niliyapanda katika magome ya miti yaliyolainika, nikiyachanganya na vipande vya makaa. Magome hayo aliniletea bwana yangu. Alikuwa akipeleka bidhaa Itebero, huko msituni, na kila aliporudi alishusha kifuko akisema, “Ya maua yako.” Aliposema yako nilifurahi. Sikuwa na kitu kingine mle ndani ambacho mtu alikiita changu.

Mmea ule hutoa ua mara moja tu maishani mwake. Moyo wake unageuka mwekundu, unakaa hivyo miezi, halafu mama anaanza kunyauka taratibu huku watoto wakichomoza ubavuni. Wakifika nusu ya kimo chake, unawakata kwa kisu kikali na kuwapa mkebe wao. Nilikuwa nikikata watoto hao siku moja, wanawake wa kanisani wakiwa wamekaa wanakunywa chai, mama mkwe akasema, “Mumeona? Hata maua ya hii nyumba iko inazala.”

Wakacheka kidogo, kisha wakaangalia vikombe vyao. Bwana yangu alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama ili aseme neno. Akauliza kama chai imebaki.

Sikuwa nimepata mimba, na nilishamwomba twende wote wawili kwa daktari. Alinijibu kwamba yeye hana ugonjwa. Sikuliuliza tena jambo hilo, na mama yake hakuacha kulisema.

Kisha mama mkwe akaniita kupanga sherehe, mchangamfu kama sijawahi kumwona. “Tutakuwa na fete. Nataka maua yote ikuwe nyekundu siku moja. Unaweza?”

Niliweza. Unaweka mmea ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki pamoja na ndizi zilizoiva sana, unafunga siku kadhaa. Harufu ya ndizi inauamsha, na baada ya wiki nyingi ua linatoka. Lakini nilimwonya. “Mama, ikitoa ua yote pamoja, itakufa yote pamoja. Tubakishe zingine.”

“Fanya vile nakuambia.”

“Ni fete ya nani?”

“Ya familia.”

Nikafunga mifuko. Wekundu ulipoanza kuonekana niliwaita watu wa dukani waje kutazama. Siku yenyewe niliamka mapema, nikapanga mikebe yote mezani, na saloni ikawaka. Nilipika kuku, nikachambua mchele. Wageni walikuwa wamejaa gari lilipofika kutoka barabara ya Itebero. Akashuka mwanamke kijana amebeba mtoto aliyevikwa nguo nyeupe za ubatizo. Mama mkwe akampokea yule mtoto, akamwinua juu ya maua yangu ili apigwe picha, na wote wakapiga vigelegele. Mtoto alikuwa na masikio ya bwana yangu, yale yanayosimama mbele.

Nilimfuata bwana jikoni. “Ni wa kwako?”

“Wageni wanangoja chakula,” akasema.

Nilipakua chakula. Hilo linaniuma hata leo kuliko mtoto mwenyewe: kwamba nilipakua, nikamuuliza yule mwanamke kama anaongeza mchuzi, naye akasema asante dada. Miezi yote ile ya magome nilikuwa nimemshukuru mtu kwa kwenda kwake Itebero.

Asubuhi nilifunga nguo zangu. Nilimwomba mama mkwe mche mmoja mdogo. “Ya nyumba inabakia mu nyumba,” akajibu. Bwana yangu akafunga mzigo wangu kwenye pikipiki, akakaza kamba vizuri, akaniambia nikifika nitume salamu.

Nikarudi kwa mama yangu Nyamitaba, kwenye maharage. Salamu sikutuma. Hakuna aliyenifuata, mpaka mwaka huu, mvua zilipoanza. Nilikuwa napalilia nikaona bwana anashuka kwenye pikipiki pale uani kwetu. Amenenepa. Mama yangu akaingia haraka kuwasha moto apike.

“Mama amenituma,” akasema. “Maua yake ilikufa, zile kubwa zote. Ndogo nazo zinaoza. Anauliza ulikuwa unafanya namna gani.”

“Si yeye mwenyewe alinifundisha?”

“Macho yake haioni tena. Na mama ya mutoto hajui.” Akatoa simu mfukoni kunirekodi. “Sema polepole, nitaikamata, nisisahau.”

Ningeweza kumfukuza. Lakini nilisema. Nikaeleza maji ya mvua, magome, kisu, mwanga wa dirisha, nikisimama na jembe mkononi kama mwalimu mbele ya darasa. Mimea ile haikunifanyia ubaya wowote, ndivyo nilivyojiambia. Nilipomaliza aliibonyeza simu ahakikishe, na sauti yangu ikatoka pale uani, tulivu, yenye subira, sauti ya mke mwema.

“Inasikika muzuri,” akasema. Akapanda pikipiki yake. Hakuuliza kama niko mzima.

Mama alipotoka na sahani alimkuta ameshaondoka. “Alitaka nini?”

“Amepata alichotaka.”

Tukakaa jikoni, mimi na mama, tukala sehemu yake.