Mtu Aliyesimama Penye Kina

Mimi si mtu wa kutunga. Waulize madereva wa stendi ya Kasulu, watakwambia jamaa huyu hata mzaha wa kawaida unamshinda kuufikisha mwisho. Kwa hiyo nikikwambia nilimwona mtu amesimama juu ya shimo la maji, maji yakimfika magotini tu, mchana, nikiwa sijalewa wala siumwi homa, usinikatize. Nisikilize kwanza, halafu utasema unachotaka.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2013. Nilikodiwa na mzungu mmoja mwenye mvi, tulimwita Bwana Yan. Ujanani alikuwa ameishi Kigoma, na Kiswahili kilikuwa bado hakijamtoka chote. Mtu huyu raha yake duniani ilikuwa kuvua samaki. Miaka mingi alikuwa akienda visiwa vya mbali huko baharini, visiwa vya matumbawe visivyokaliwa na watu, anakaa wiki nzima anavua, halafu samaki wenyewe anawarudisha majini. Safari hii alimtaka kibebe, yule samaki wa mto Malagarasi mwenye meno kama ya mbwa. Kibali alikuwa nacho. Alichokosa ni gari, na mtu wa kumpikia na kumtafsiria. Vyote hivyo nikawa mimi.

Tulitoka Kasulu tukafuata barabara ya Kibondo, tukachepuka, tukaenda mpaka njia ikaisha kwenye matete. Hapo tukampata mzee Butoyi, mwenye ndevu nyeupe na koti la kahawia, akatuvusha kwa mtumbwi wake hadi kisiwa kidogo katikati ya kinamasi, tukapiga kambi. Ukisimama pale huoni nyumba wala moshi wa jiko la mtu. Matete, maji na ndege, basi.

Sasa, kwetu Waha ukisikia mtu anaitwa Butoyi huhitaji kuuliza zaidi. Ni pacha aliyezaliwa wa pili. Wa kwanza huitwa Bukuru. Kwa hiyo siku ile ile ya kwanza, tukiwa mtumbwini, nikamchokoza:

"Mzee, na Bukuru wako yuko wapi?"

"Alibaki majini," akasema, akaendelea kusukuma upondo.

Nikageukia mizigo yetu. 

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Bwana Yan havui kama sisi. Chambo chake ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoano, na uzi wake ni mnene. Anaurusha nyuma, mbele, nyuma, mbele, mpaka unalala juu ya maji bila kelele. Alikuwa na uzi mwingine mzito, ule unaozama. Kila akifika mahali papya anautumbukiza huo kwanza ajue kina kikoje. Alinasa vibebe wawili watatu wakubwa, akacheka kama mtoto. Mzee Butoyi alimtazama akiwaachia waende zao, akatikisa kichwa kwa huruma, kama anayemtazama mgonjwa.

Halafu ikaja siku ile.

Mtumbwi ulikuwa umeanza kuvuja. Mzee Butoyi akatushusha kwenye fungu la mchanga, akasema anarudi kambini kuuziba, hatakawia. Akaondoka. Bwana Yan akavua, mimi nikakaa. Jua lilikuwa limepita utosini kidogo tu. Mara moshi ukaanza kuja. Watu wa ng'ambo huchoma nyasi wakati ule wa mwaka, na siku hiyo upepo uliuleta wote kwetu. Muda si muda matete hatuyaoni vizuri, jua limekuwa jekundu, macho yanawasha. Na ndani ya moshi huo nikawasikia viboko wakikoroma. Upande wa kushoto kwanza. Kisha karibu zaidi.

Fungu lile la mchanga lilikuwa dogo, na nyayo za viboko zilikuwa zimejaa juu yake. Unafikiri walikuwa wanakwenda wapi? Walikuwa wanarudi kwao, na sisi ndio tumekaa mlangoni.

Hapo ndipo niliposikia naitwa.

"Dereva! Ngwino!" Yaani njoo. "Njooni hapa, maji ni mafupi!"

Nikageuka. Mzee Butoyi alikuwa amesimama ndani ya mto, upande wa kambi, si mbali, maji yanamfika magotini. Sura ni yake, ndevu zake zile nyeupe kidevuni, sauti yake ile ya kukwaruza. Hakuvaa shati. Nikadhani amelivua koti lake la kahawia ili afanye kazi ya mtumbwi. Alikuwa anatupungia mkono, polepole, anatabasamu.

Niamini, sikuona kitu cha kutisha. Niliona wokovu. Nikamshika Bwana Yan mkono, tukaingia majini. Maji yakatufika magotini, mapajani, kiunoni. Mkondo ulikuwa na nguvu, unanivuta miguu. Yule mzee akazidi kupunga. "Ngwino, ngwino."

Bwana Yan akasimama.

"Ngoja," akasema. "Napima."

Akaurusha ule uzi mzito. Mkono wa yule mzungu haukosei, chambo kilianguka pale pale miguuni pa mzee. Tukasubiri kitue. Hakikutua. Uzi ukawa unatoka kwenye gurudumu la fimbo yake ya kuvulia, unatoka, unatoka, unashuka wima mbele ya magoti ya mtu aliyesimama. Nikamwona Bwana Yan uso unabadilika. Gurudumu likaisha uzi.

"Chini hakuna," akaninong'oneza. "Pale chini hakuna."

Ndipo nikaangalia vizuri. Mto unapokutana na mguu wa mtu hufanya mikunjo, si ndiyo? Kwetu sisi maji yalikuwa yanakwaruza kiunoni na kutoa povu. Kwake yalipita kimya, laini, kama hakuna mtu. Na mara, kabla sijasema neno, ule uzi ukavutwa. Si kama anavyovuta samaki. Ulivutwa taratibu, kwa heshima, kama unavyovuta nguo ya mtu umwite. Mzee yule mikono yake yote ilikuwa hewani. Bado anatabasamu.

Bwana Yan akatoa kisu akaukata uzi.  Nikasikia nyuma yangu:

"Mnafanya nini hapo? Mnataka kufa?"

Nikageuka. Mzee Butoyi, na koti lake la kahawia, yuko ndani ya mtumbwi, anatoka kwenye moshi. Nikageuka tena mbele. Maji matupu.

Alitupakia kama magunia. Tulipofika kambini akauliza, kwa sauti ndogo sana:

"Nani aliwaita?"

"Wewe," nikasema.

Upondo ukamtoka mkononi. Akakaa chini. Nikadhani atatukemea, au ataomba Mungu. Lakini unajua alichouliza?

"Ana ndevu?"

"Anazo."

"Nyeupe? Kama hizi?"

"Kama hizo."

"Yoo, mwana wa mama," akasema, akacheka huku machozi yanamtoka. "Amezeeka."

Ndipo akatuambia. Walikuwa watoto wadogo wazazi wao walipoikimbia Burundi, wakaukuta mto huu umejaa. Mama alimbeba yeye mgongoni, baba alimshika Bukuru mkono. Ng'ambo baba akafika na mkono mtupu. Miaka mingi baadaye wavuvi wakaanza kumwambia, tulikuona mahali fulani unatuita, na yeye siku hiyo alikuwa shambani. Ndiyo sababu aliacha shamba akanunua mtumbwi. Amezunguka kinamasi hiki chote. Hajawahi kumwona hata mara moja.

"Anawatokea wengine tu," akasema. "Mimi hanitokei." Kisha akauliza: "Alivaa nini?"

"Hakuvaa shati, mzee."

Akalitazama koti lake. "Basi ana baridi."

Bwana Yan hakutaka tena samaki wala nini. Asubuhi tukafungasha. Lakini mzee Butoyi, mtumbwi ukiwa umekwisha kuondoka, hakuelekea kwenye gari. Akaelekea kule. Nikamwambia mzee, siyo huku. Akazidi kusukuma. Mtumbwi ni wake, upondo ni wake, na katikati ya kinamasi utashuka uende wapi?

Tulipokaribia fungu la mchanga akavua koti lake, akalikunja vizuri, akaliweka magotini.

"Dereva, mwanangu," akasema, "wewe amekwisha kukuzoea. Angalia. Ukimwona nioneshe tu kwa kidole. Nimpe koti, nishikane naye mkono kidogo. Basi, sina jingine."

Hakukuwa na moshi siku hiyo. Maji yaliwaka kwa jua. Na alikuwepo. Wallahi, alikuwepo. Amesimama pale pale, karibu mno, ningeweza kumgusa kwa upondo. Hakuniangalia mimi. Alikuwa anamtazama ndugu yake, na mkono ameunyoosha, kiganja juu, kama mtu anayepokea kitu. Mzee Butoyi macho yake yalimpita, yanatafuta huku na huku kama ya kipofu.

Bwana Yan alinishika goti, akalibana. Naye alikuwa anaona.

"Unamwona?" mzee akauliza. "Dereva, sema. Unamwona?"

Ungesema nini wewe? Nilimtazama mzee, mguu mmoja amekwisha kuupandisha kwenye ukingo wa mtumbwi.

"Hapana," nikasema. "Hakuna mtu, mzee. Maji tu."

Yule aliyesimama majini akanigeukia. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alinitazama kama mtoto aliyeambiwa hakuna chakula leo, akaushusha mkono wake taratibu, akatugeuzia mgongo. Sikumwona alivyoondoka. Mzee Butoyi alikaa na koti magotini mpaka mtumbwi ukaanza kuchukuliwa na mkondo wenyewe.

Bwana Yan alirudi kwao. Aliwahi kunipigia mara moja, akaniuliza hali ya mzee, hakuuliza habari za samaki. Mimi nikarudi barabarani. Mwaka 2015, Warundi walipokimbilia tena kwa wingi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nilikuwa nabeba mizigo Kibondo na Kasulu, na kila safari lazima uvuke daraja la Malagarasi. Nikivuka silali usingizi siku hiyo. Yuko pale chini, kifua wazi, maji magotini, mvi zimemjaa kichwa kizima. Haniiti. Ananitazama tu mpaka nimalize daraja.

Mzee Butoyi naye mvi zimemjaa kichwa kizima. Bado hunipigia simu. Tunasalimiana, tunaulizana watoto, tunaongea mvua. Kisha husita, nami najua kinachokuja. "Dereva, mwanangu, siku ile kweli hukumwona?" Kila mara namjibu vilevile.

Anasema siku hizi wavuvi hawamwoni tena kinamasini, kwa hiyo yeye mwenyewe ameanza kukaa huku juu, karibu na daraja, anawauliza wapita njia. Ndiyo maana nakusimulia. Ukipita barabara ile ukamwona mtu majini anakuita uvuke, usishuke kwenye gari, hata kama sura yake unaijua. Na ng'ambo ya daraja, mzee mmoja akikusimamisha kwa adabu, koti amelikunja mkononi, akakuuliza kama umemwona mtu anayefanana naye, mwambie hukuona kitu. Mwangalie usoni, umwambie hukuona kitu, uende zako.