Kishingo na Mgeni Asiyekula

Sisi tuliokulia kwenye vilima vya Mamboya tuliamshwa na jogoo, si simu, na jogoo hakuwa na kitufe cha kumwomba dakika tano zaidi. Asubuhi ilinukia moshi na uji wa mtama. Kila mtoto alikuwa na kuku wake. Wangu alikuwa Kishingo, asiye na unyoya shingoni, na mwaka ule alikuwa amelalia mayai yake ya kwanza ndani ya kikapu kibovu ghalani kwa Bibi.

Baada ya mavuno shangazi alipanda kutoka Mikumi, alikokuwa akiwapikia madereva wa malori, akatuletea jogoo mwekundu. Kwetu kuku wa zawadi hachinjwi upesi, wala halazwi peke yake kama mwizi. Tukamweka bandani pamoja na wenyeji wake, tukammwagia mtama. Haukupita muda akaanza kusinzia mchana. Alipokufa, kuku wa Bibi nao walikuwa wakipinda shingo. Kideri, ugonjwa unaomaliza kuku, kilikuwa kimeingia.

Kaka yangu Yohana, aliyekuwa kidato cha tatu, akiwa likizo, alisimama uani kama mhubiri.

"Bibi, hiki ni kirusi. Wala si kiumbe hai. Hakili, hakinywi, hakipumui."

Bibi alikuwa akichimba shimo la kufukia mizoga. Akaegemea jembe. "Kama hakili, kuku wangu wameliwa na nani?"

"Hakiwali, Bibi. Kinaingia miilini mwao, halafu miili hiyohiyo inakitengenezea wenzake."

"Ehe! Mgeni aingie kwako bila hodi, na umzalie watoto!" Akacheka mpaka akajifuta macho, na aliendelea kuyafuta hata kicheko kilipokwisha.

Aliyebaki ni Kishingo. Yohana akafunga mlango wa ghala. "Usiingie humo. Kinaweza kuwa kwenye nyayo zako."

"Si umesema si hai? Kitafanya nini?"

Akanionyesha mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moto jikoni. "Hayo umewahi kuyaona yakipumua? Yape udongo uone." Kisha akakuna kichwa. "Ila mbegu iko hai. Hiki... sijui. Mwalimu aliliacha swali ubaoni, kengele ikalia."

Basi akawa anaingia yeye tu, akishajisugua miguu kwa sabuni na majivu. Mimi nilikaa nje, mgongo kwenye ukuta wa udongo uliopashwa jua. Nilikuna ukuta kwa ukucha, na Kishingo alijibu kutoka ndani, kwa sauti nzito ya kuku anayeatamia. Ndivyo nilivyojua kwamba bado yupo.

Asubuhi moja nilikuna, hakujibu. Nikakuna tena. Nikaanza kulia. Bibi akaja, akaniziba mdomo kwa kiganja chake chenye harufu ya vitunguu, akatega sikio ukutani. "Nyamaza wewe, utawatisha." Ndipo nikavisikia: vilio vyembamba, vingi, vya vifaranga wanaogombania joto. Kishingo alikuwa na kazi nyingine. Hakuwa na muda wangu.

Siku hizi kuku wa Mamboya hutiwa matone ya chanjo jichoni, na vifo vile vya uani vimepungua. Nashukuru. Yohana anaishi Mikumi, na binti yake hunisalimu "shikamoo" huku macho yakiwa kwenye simu. Majuzi aliniuliza, "Hivi shangazi, virusi ni hai?" Sijamaliza kuitikia marahaba, simu ikawa imeshamjibu kwamba wataalamu wanabishana, naye akahamia kwenye video ya mtu anayecheza muziki jikoni. Swali lile sisi lilitukalisha ukutani msimu mzima.

Juzi nilipanda Mamboya. Bibi hayupo. Uani kumeota nyasi, na kofuli la ghala limeshika kutu. Nilichuchumaa palepale jua linapopiga, nikakuna udongo kwa ukucha, nikatega sikio.