Kilo Zilizoliwa na Mizani

Msimamizi wa wabebaji wangu aliniuliza swali dogo asubuhi ya Jumamosi, akiwa na spana mkononi. "Mzee, mizani nairudisha sawa? Mama yuko njiani, anakuja kujipima."

Nikamjibu neno moja. "Iache."

Alinitazama kidogo, akatia spana mfukoni, akachukua ufagio na kuanza kukusanya punje zilizomwagika. Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Ningeweza kumwita arudi. Nilikuwa na nafasi ya kutosha, maana mke wangu alikuwa bado hajafika hata kwenye kona ya malori. Nilikaa juu ya gunia, nikamsubiri.

Ghala langu liko Tunduma, upande wa Sogea, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Mizani yake ni ile ya chuma yenye jukwaa, ya kupimia magunia. Nyuma ya mkono wake kuna nati. Ukiikaza kidogo, mizani inasoma pungufu. Tulipokuwa tunanunua mahindi kwa wakulima tuliikaza, tulipokuwa tunauza tuliilegeza. Sisemi wafanyabiashara wote hufanya hivyo. Nasema mimi nilifanya. Nilisoma hadi kidato cha nne, na katika somo la fizikia mada niliyoielewa kuliko zote ilikuwa ya nyenzo. Elimu hiyo sikuipoteza, niliitumia vibaya tu.

Lakini kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mkulima wa kwanza, nati ilirudishwa mahali pake. Saa hiyo mizani ilikuwa ya mke wangu.

Mke wangu alikuwa amepunguzwa tumbo. Binti yetu anayefanya kazi Vwawa ndiye aliyempeleka Dar es Salaam. Madaktari walimkata sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, wakamwachia kipande chembamba kama ndizi. Majirani walisema amefungwa tumbo kwa uzi, wengine wakasema ameuza figo. Yeye alicheka tu. Kabla ya hapo alikuwa mzito kiasi kwamba mizani ndogo ya bafuni ambayo binti yetu alimletea ilikuwa ikigota. Ndiyo maana akazoea ya ghala. Alikuwa na kisukari, anachoma sindano kila siku, na magoti yalikuwa yamemkataa. Baada ya upasuaji mwili ulishuka, sindano zikasimamishwa, na daktari akamwambia kwamba kazi ngumu ndiyo inaanza: kutorudi alikotoka. Mwili ukirudi, alimwambia, na kisukari kinaweza kurudi nao.

Alilishika neno hilo kama kiapo. Alikula katika bakuli dogo la mtoto. Maharage, yai au samaki kwanza, ugali mwisho, na mara nyingi hakuufikia ugali. Hakunywa maji wakati wa kula. Alimeza vidonge vyake vya vitamini hata tukiwa msibani. Alfajiri alitembea barabara ya kwenda Mpemba na kurudi, akipita kando ya malori, na madereva wa Zambia waliokuwa wakichemsha chai pembeni mwa magurudumu wakawa wanamwita mama kwa lugha yao, "Bamayo, leo umechelewa." Na Jumamosi alivua viatu, akapanda mizani. Wabebaji walimpenda kwa hilo.

"Mama, leo debe zima limepungua."

"Mkinipakia kwenye lori mtajuta, hamtalipwa uzito," naye aliwajibu.

Mimi nilicheka nao. Kisha nilikwenda nyuma ya ghala nikajifanya nahesabu magunia.

Kwetu mke akikonda, anayeulizwa ni mume. Kwa miaka mingi watu waliponiona na mke wangu mnene, amevaa vitenge vyake vya kutosha, walinisalimu mimi kwanza, na kwa heshima. Unene wake ulikuwa sifa yangu. Sasa rafiki yangu mmoja, muuza sabuni, aliniuliza mbele za watu kama mama anaumwa au nimefunga jiko. Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini neno lile lilikaa nami.

Lakini nisimsingizie muuza sabuni. Wivu wangu ulianzia kwenye ngazi za kanisa.

Ngazi zile si nyingi. Zamani mke wangu alizipanda akiwa ameegemea bega langu. Alisimama katikati akapumua, nami nikasimama naye, na waumini wakapita wakituambia poleni. Niliiona kuwa ni taabu. Siku moja baada ya upasuaji, niligeuka kumpa bega nikamkuta hayupo. Alikuwa ameshafika juu, amesimama mlangoni, ananisubiri mimi. Magoti yangu nayo yalikuwa yameanza kuuma siku hizo. Akaninyooshea mkono. Sikuushika. Nilisema kamba ya kiatu imefunguka.

Basi nikaanza kuyaonea wivu magoti ya mke wangu. Yanachekesha maneno haya, lakini ndivyo ilivyokuwa. Nikamwonea wivu pia muuguzi wa Dar es Salaam, kijana aliyempigia simu kila mwezi kumuuliza amekula nini, maana alijua chakula cha mke wangu kuliko mimi niliyelala naye. Nikamwonea wivu zaidi mwalimu wa kwaya, mwanamume aliyefiwa na mke, mwenye umri mdogo kuliko wangu, aliyemtoa mke wangu mstari wa nyuma akamweka mbele. Alitangaza mbele ya wanakwaya wote, "Mama sasa pumzi anayo." Mke wangu aliirudia sentensi hiyo nyumbani, huku anaosha bakuli lake, kwa furaha ya mtoto aliyesifiwa shuleni. Nikamuuliza mwalimu huyo anajuaje pumzi za wake za watu. Akaendelea kuosha.

Hakukuwa na kitu kati yao. Nilijua hivyo wakati ule, na najua hivyo leo. Wivu wangu haukuhitaji kitu.

Kwenye kwaya ndiko togwa ilikoingilia. Mazoezi yalikuwa marefu, na akina mama walizoea kuleta ndoo ya togwa, uji mwepesi wa ulezi uliochachuka kidogo na kutiwa sukari, wakaigawa kwa vikombe. Muuguzi alikuwa amemkataza soda, juisi na pombe, na mke wangu hakugusa hata kimoja. Lakini togwa hakuna aliyeitaja. Muuguzi yule labda hakuijua vizuri, na mke wangu hakumuuliza, maana sisi wa huku togwa hatuihesabu. Si pombe, si soda. Mtoto hunywa, mgonjwa hunywa, mzee asiye na meno hunywa. Ukimuuliza mtu amekunywa nini leo, ataitaja chai na kuisahau togwa. Kwa tumbo lile dogo, chakula kigumu kilijaa upesi, lakini togwa iliteremka bila kizuizi, kikombe baada ya kikombe.

Jumamosi moja mizani ilipanda kilo mbili. Mke wangu alishuka, akavaa viatu, akampigia muuguzi simu palepale ghalani. Wakapekua wiki nzima, wakaona sukari ya chai, akaifuta. Wiki iliyofuata ikapanda tena kidogo. Akasema, "Kuna kitu nakula sikijui. Nitakipata." Mimi nilikijua. Nilimwona nyumbani akijimiminia togwa iliyobaki kwenye mazoezi, na ikafika mahali nikawa nampelekea kikombe mwenyewe, naye akaniambia siku hizi nina upendo.

Nilijua kwamba mizani ikipanda Jumamosi ya tatu, ataipata togwa. Alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Na wiki ileile kwaya ilikuwa inajiandaa kwenda Mkwajuni kuimba, siku mbili, na mwalimu wao. Nilitaka nini hasa? Sikutaka augue. Nilitaka kilo chache tu zirudi, za kutosha ngazi za kanisa. Nilitaka asimame katikati ya ngazi na kunitafuta.

Ndipo nikasema, "Iache."

Akaja, akavua viatu, akapanda. Mkono wa mizani ukatulia chini ya namba ya wiki iliyopita. Akafumba macho, akashukuru Mungu, kisha akanigeukia akanishukuru na mimi. Akampigia muuguzi akamwambia mwili umetulia. Inaonekana muuguzi alimuuliza kama mizani anayoitumia ni nzuri, kwa sababu nilimsikia akisema, "Hii ni ya mume wangu. Haiwezi kunidanganya."

Akaenda Mkwajuni, akarudi. Jumamosi zikapita. Nati haikurudishwa tena, na kila nilipoona gauni lake la kwaya linambana, niliongeza kuikaza mwenyewe kabla hajafika. Alihisi kitu. Alisema magoti yanamsumbua, labda ni baridi ya Tunduma. Alisema anasikia kiu sana. Nikamwambia ni umri. Alikwenda kwa fundi, akapanuliwa gauni, akasema kitambaa kimesinyaa kwa kufuliwa. Kwa nini asiamini? Mizani ilimwambia yuko palepale.

Sikufikiri juu ya wakulima. Nati niliyokuwa naikaza kwa ajili ya mke mmoja ilikuwa inapima magunia ya watu wote, na ilikuwa imepita kiwango cha wizi mdogo ambao mtu huusamehe ili aondoke mapema.

Jumamosi moja alikuja mwanamke kutoka upande wa Ivuna, ameleta magunia ya ufuta. Mke wangu alikuwa ndiyo kwanza ameshuka kwenye mizani, ameinama anavaa viatu. Wabebaji wakapandisha gunia la kwanza. Yule mwanamke akatazama namba, akatazama gunia, akasema bila kupandisha sauti, "Mzee wangu, mizani yako inakula."

Nikamwambia kila mizani ina tabia yake.

"Hapana. Hili nimelipima nyumbani, nikalipima tena kwa jirani yako hapo, kabla sijaja. Kwako limeliwa kilo nane. Hii ina njaa kuliko mimi, na mimi sijanywa hata chai."

Wabebaji walicheka, kisha wakaacha wote kwa pamoja. Mke wangu alikuwa amesimama na kiatu kimoja mguuni. Hakunitazama mimi. Alimtazama msimamizi.

"Inakula tangu lini?"

Msimamizi akashika ufagio.

"Nimekuuliza, mwanangu."

"Tangu kabla ya Mkwajuni, mama."

"Irudishe."

Akatoa spana. Nilitamani anitazame, aombe ruhusa yangu, lakini hakufanya hivyo. Akalegeza nati, mzunguko baada ya mzunguko, na mke wangu akaiona ikirudi. Gunia likashushwa. Akavua kile kiatu kimoja, akapanda. Mkono wa chuma ukainuka ukagota juu. Msimamizi akausogeza uzito mbele, na mbele tena, mpaka ukatulia. Mke wangu aliisoma ile namba, kisha akamwambia yule mwanamke wa Ivuna, kama mtu anayezungumza na dada yake, "Basi na mimi imenila."

Mwanamke yule alipimiwa upya kwa haki. Mke wangu alisubiri mpaka gunia la mwisho likaingia ndani, huku akihesabu kwa vidole kila alichokula na kunywa, hadi vikombe nilivyompelekea, halafu akaja mahali nilipokuwa nimekaa.

"Baba, ulijua?"

"Nilijua."

"Na togwa ulijua?"

Nikaanza kufuta vumbi la ufuta kwenye magoti yangu.

"Ungenikataza kwaya, ningegombana na wewe, tungemaliza," akasema. "Lakini kila Jumamosi nilikuwa nashuka pale nakuambia asante."

Wiki ileile alikwenda Vwawa kupimwa. Sukari ilikuwa juu kiasi kwamba hawakumruhusu kurudi siku hiyo, wakamwanzishia sindano upya. Binti yetu alikuja kuchukua vitu vyake. Alinisalimia shikamoo kama alivyolelewa, lakini hakukaa. Alichukua nguo, vidonge na lile bakuli la mtoto. Gauni la kwaya akaliacha, kwa kuwa halikumtosha mtu yeyote, si mke wangu alivyokuwa zamani wala alivyo sasa.

Niliuza ile mizani kwa bei ya chuma chakavu. Nilidhani ni jambo kubwa nimefanya. Nilipomweleza mke wangu kwa simu, alisema ni vizuri, wakulima watapumzika, kisha akaniuliza kama nimepata dawa ya magoti.

Nimekwenda kumwona mara kadhaa. Anakaa kwa binti yetu, upande wa kuelekea Mbozi Mission, ambako hakuna malori na njia za kutembea ni za mashambani katikati ya kahawa. Ana mizani ndogo ya bafuni sasa, na mwili unashuka tena, polepole kuliko mara ya kwanza. Togwa ameiacha, na amewafundisha majirani wenye kisukari kuihesabu. Mara ya mwisho nilimkuta anatoka matembezini na wanawake wawili, wanacheka jambo ambalo sikulisikia. Nililionea wivu hata jambo lile. Alinikaribisha, akanipikia, akala nami katika bakuli lake dogo. Nikamwomba turudi nyumbani. Akasema, "Hapa mizani hainidanganyi, baba," akaondoa vyombo.

Alinisindikiza hadi kituoni. Kuna kipandio kidogo pale, cha udongo, na magoti yangu yakagoma katikati. Akanipa bega. Safari hii nililishika.

Neno nililomwambia msimamizi lilinigharimu mke. Yuko hai, lakini si kwangu, na amesema hatarudi. Yeye limemgharimu afya aliyokuwa ameipata: sindano aliyokuwa ameachana nayo anaichoma tena kila asubuhi, na daktari amemwambia huenda hataiacha.