Mstari wa Saba

Kazini walimwita Rula, kwa sababu hakuna siku aliyoonekana bila rula ndogo ya plastiki kwenye mfuko wa koti lake jeupe. Miaka kumi na minane alikuwa akipima nayo kitu kimoja: duara. Bakteria waliotoka kwenye mkojo wa mgonjwa walioteshwa kwenye sahani, na juu yao vikawekwa vikaratasi vya mviringo vilivyoloweshwa dawa. Dawa iliyofanya kazi ilizungukwa na duara tupu. Isiyofanya kazi, bakteria waliota mpaka ukingoni mwa karatasi, hawana habari.

Alikuwa mjane, hana mtoto, na aliishi na mama mkwe wake, naye mjane wa mwalimu mkuu. Nyumba ile haikuwahi kutoa neno nje. Juu ya kabati palikuwa na kopo la biskuti. Mtu akipata nafuu, vidonge vilivyobaki viliingia humo. Mama mkwe alijigawia mwenyewe, viwili vya rangi mbili asubuhi, kimoja cheupe maumivu yakizidi. Akiona ahueni, anaacha. Rula alilisemea hilo mara moja, mwaka wa kwanza wa ndoa. Akaambiwa maabara aiache kazini. Hakusema tena.

Jumatatu moja mama mkwe alitoka msalani ameshika ukuta.

"Mkojo unakuchoma tena, mama?"

"Punguza sauti, mwanangu. Dirisha liko wazi."

"Twende hospitali."

"Nikaandikwe? Miaka kumi na tisa ya ujane, leo natibiwa mkojo! Wale wa mapokezi watanimaliza kabla ugonjwa haujanimaliza. Chukua chupa. Andika jina lako, wewe bado damu inachemka."

Rula akachukua chupa. Kwenye fomu aliandika jina lake na umri wake, arobaini na moja. Mstari wa saba uliuliza dawa alizotumia mgonjwa miezi mitatu iliyopita. Ndio mstari aliowagombezea manesi miaka yote. Kuudanganya ni kumfunga daktari kitambaa cha macho. Akaandika: Hakuna.

"Rula, kumbe na wewe!" alisema mpokea sampuli, mwanamke asiyeishiwa maneno. "Sisi tulidhani kwako kumetiwa kufuli."

"Kufuli limeliwa na kutu."

Mwenzake alicheka mpaka akaegemea meza. Rula alibandika namba kwenye chupa.

Daktari alisoma fomu, akaona mtu mzima mwenye afya asiyegusa dawa, akaandika vidonge vya kawaida vya kuanzia wakati majibu yakisubiriwa. Rula alivipeleka nyumbani. Ilikuwa dawa ileile ya kwenye kopo, ila pakiti mpya. Mama mkwe akameza.

Jumatano, kwenye sahani iliyotiwa damu ya kuwaoteshea bakteria, kila doa la bakteria lilikuwa limejizungushia uwazi. Walikuwa wanayeyusha damu. Wa namna hiyo huwa wakali. Wana vinyuzi vya kung'ang'ania ukuta wa kibofu, na wakishashika hupanda mpaka kwenye figo. Alhamisi alisoma sahani ya dawa. Kati ya dawa sita, tano hazikuwa na duara lolote. Alizipima hata hivyo. Milimita sita, akaandika mara tano, upana wa karatasi yenyewe. Ya sita ilikuwa na duara la milimita ishirini na moja. Hiyo ilikuwa ya sindano, na haikutolewa popote ila wodini.

Daktari alikuja mwenyewe na karatasi mkononi.

"Dada, wadudu wa hivi mara nyingi wamefundishwa kuhimili dawa na vidonge vingi. Na wewe unatembea, homa huna. Huu mkojo ni wa nani?"

"Wangu."

Daktari alimtazama. Rula aliosha rula, akaikausha, akaomba ruhusa kwenda nyumbani.

Mama mkwe alikuwa chini ya mablanketi mawili, meno yanagongana, mkono umebana ubavu.

"Ukinipeleka huko," alisema, "usiniite mama tena."

Rula alitoka kutafuta teksi. Aliporudi alilishusha kopo, akalikumbatia.

Wodi ilikuwa na vitanda vinane, vyote vina watu. Daktari akauliza mgonjwa alitumia dawa gani.

"Hakuna," alisema mama mkwe, macho darini.

Rula akaomba ile fomu ya Jumatatu. Akakata jina lake, akaandika la mama mkwe kwa herufi kubwa. Kisha akafungua kopo kitandani, akaanza kutaja kwa sauti huku akiandika: amoksilini, septrini, sipro, na miezi zilipomezwa. Vitanda vya jirani vilinyamaza kusikiliza. Mstari wa saba ukajaa. Akageuza karatasi, akaendelea nyuma.

Siku ya nne ya sindano homa ilishuka. Siku ya kumi walirudi nyumbani. Mama mkwe aliketi karibu na dirisha, akalifunga kwanza.

"Umenivua nguo mbele ya watu." Lilikuwa neno lake la kwanza tangu kopo lifunguliwe wodini.

"Ndiyo, mama."

"Kopo liko wapi?"

"Limebaki hospitali. Vidonge vimechomwa."

Mama mkwe akageukia ukuta. Rula alimmiminia maji, glasi nzima kama daktari alivyoagiza, akamshikisha mkononi, akasimama pale mpaka yalipoisha.