Siku Saa ya Baba Ilipolia Kifuani Mwangu

Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia ile hadithi ya watu wa Mwala, kwa sababu huko wanasema nilivua nguo mbele ya pasta, na huo ni uongo mtupu. Nilifungua vifungo tu. Vitatu. Sawa, vinne, na kimoja kiliruka chenyewe, hicho msinihesabie. Lakini aibu ilikuwa ile ile, na mpaka leo nikikutana na mtu aliyekuwa pale najifanya natafuta kitu kwa mkoba.

Mambo yalianza na saa ya Baba. Baba yangu alikuwa mwoka mikate hapa Machakos mjini zamani, na saa hiyo aliinunua akiwa kijana ambaye hajaoa, saa ya kutia ufunguo, nzito kama jiwe, uso wake umebadilika rangi ukawa kama chai ya maziwa, na pembeni iko na alama nyeusi ya mlango wa tanuri. Ilikufa mimi nikiwa mdogo hata sikumbuki ikitembea. Lakini Baba aliendelea kuivaa kila Jumapili, imesimama hivyo hivyo, na ukimuuliza ni saa ngapi anaiangalia kwanza, kwa heshima, halafu anauliza mtu mwingine.

Sasa tulipopanga sherehe nyumbani Mwala ya kumshukuru Mungu Baba akitimiza miaka themanini, mimi Ndinda nikaona zawadi ni kumrudishia saa yake ikiwa hai. Nikamwendea nikamwomba. Akaivua polepole akaishika tu, hanipatii.

"Mnataka kuitengeneza ama mnataka kuibadilisha?"

"Kuitengeneza, Baba."

"Kwa sababu mkiirudisha ikiwa mpya, kaeni nayo. Mimi hiyo mpya siijui."

Fundi wa kwanza mjini alikuwa kijana mchangamfu sana, aliiangalia mara moja akaniambia hakuna shida, mama, hii tunatoa huu uso mchafu tunaweka mweupe, tunatoa hii mashine ya ndani tunaweka ya betri, tunapiga polishi, mzee hataamini. Nikamwambia hapo ndipo shida ilipo, mzee hataamini kweli. Nikamnyang'anya saa kwa upole (sio kwa upole sana) nikaondoka.

Ndugu yangu Kioko akasema nasumbuka bure, si tununue nyingine inayofanana. Kioko ndivyo alivyo, hata mchumba wake nilimwambia ajichunge.

Mwishowe nikaelekezwa kwa Mzee Swaleh. Huyu kibanda chake kiko karibu na msikiti, familia yao iko hapa mjini tangu enzi za babu zake, na ni mtu wa furaha na maneno mengi ajabu, yaani unamletea saa moja anakupa historia ya saa zote alizowahi kufungua. Aliifungua ya Baba, akaweka kile kioo chake jichoni, akatabasamu kama mtu aliyeona picha ya shule.

"Huu uso siugusi," akasema. "Hata hii alama ya moto siigusi. Nitaosha ndani, nibadilishe springi iliyokatika, basi. Na ile ya zamani nitakurudishia kwa karatasi, umpe mzee."

Jamani, nilitaka kumkumbatia.

Nilienda kuichukua asubuhi ya sherehe yenyewe. Inatembea! Tik tik tik tik, na sura ni ile ile ya chai, alama ya tanuri iko mahali pake, hata mkanda ni ule ule uliojikunja kama nyama ya kukausha. Mzee Swaleh akaanza kunieleza. "Sasa mama, unaona hii saa iko na vifundo viwili. Hiki cha juu ndicho cha kutia ufunguo kila asubuhi. Hiki cha chini nacho, sikiliza vizuri, kwa sababu kuna mwaka nililetewa saa kama hii na bwana mmoja..."

Na hapa ndipo niliharibu. Gari la Mwala lilikuwa linapiga honi, keki iko ndani, spika ziko ndani, Kioko anapiga kelele dirishani, na mimi nilijua historia ya huyo bwana mmoja itatufikisha saa kumi. Nikasema, "Nimeelewa mzee, nimeelewa kabisa, Mungu akubariki," nikakimbia.

Ndani ya gari, kwa furaha, nikavitia ufunguo vifundo vyote viwili mpaka mwisho. Nilisema acha ishibe.

Halafu nikafikiria pa kuificha, maana ilikuwa ya kumshangaza Baba. Mkoba unaweza kupotea kwa watu wengi vile. Mfuko sina. Nikaiweka pale sisi akina mama tunaweka vitu vya maana, ndani ya sidiria, upande wa kushoto, ikatulia.

Sherehe ilikuwa nzuri, siwadanganyi. Tenti imejaa, kwaya imeimba, wakwe watarajiwa wa Kioko wametoka Katelembo wamevaa suti, tumewakalisha mbele ili waone sisi ni watu wa maana. Baba na Mama wako kwa viti vya sofa tulivyotoa nje, keki iko mezani mbele yao, ya ghorofa, nyeupe pe. Pasta akaomba. Kisha akasema, "Sasa tumsikilize binti," nikasimama, nikapewa maiki.

Nyinyi mnanijua, nikishika maiki naishikilia karibu na kifua kama wale waimbaji. Nikaanza. "Baba, leo nataka kukupa kitu ambacho..." nikanyamaza kidogo ili watu wasubiri, na watu wakasubiri, tenti nzima kimya, na katika huo ukimya kifua changu kikalia.

ZZZZZZZRRRRRRRR!

Sasa mkumbuke kuna maiki hapo, na spika mbili kubwa kama makabati. Ile sauti ilitoka huko kama mzinga mzima umepasuliwa. Na mko Ukambani, kila mtu pale ama babake alifuga nyuki ama alishawahi kukimbizwa nao. Mama mmoja wa kwaya akapiga yowe kwa Kikamba.

"NZUKI!"

Hakuna aliyeuliza wako wapi. Viti vilianguka kwa pamoja. Kwaya ilipita chini ya kamba za tenti na majoho yao. Pasta, ambaye anatembea na mkongojo kwa sababu ya goti, niliona mkongojo umebaki na goti limeenda, nikasikia mlango wa gari lake ukifungwa na vioo vikipandishwa. Mkwe wa Kioko, yule mzee wa suti, alivuta kitambaa cha meza ya wageni akajifunika kichwa na kukimbia hivyo, hajui aendako, mpaka akakumbatiana na mbuzi aliyefungwa nyuma ya jikoni.

Na mimi? Mimi sikukimbia kwa sababu nyuki walikuwa kwangu! Nilikuwa nawasikia, nilikuwa nawahisi, wananitetemesha mbavu za kushoto. Saa ilikuwa imenitoka kichwani kabisa, naapa. Nikaanza kujipiga makofi kifuani, nikaruka, nikapiga magoti, nikasimama, vifungo hivyo navifungua huku nikipaza sauti kwa maiki (bado nimeishika, mniambie kwa nini), "Wananiuma! Wako ndani! Yesu, wako ndani!" Nikaingiza mkono, nikashika kitu kinachotetemeka, nikakirusha kwa nguvu zangu zote.

Kiliruka juu, kikazunguka, kikaangukia katikati ya keki. Chwap. Kikazama. Na kikaendelea kulia humo ndani ya krimu, sasa kwa sauti ya chini, kama mtu aliyefunikwa blanketi.

Hapo ndipo nilielewa. Nilitazama huku na huku nikishikilia blauzi. Tenti ilikuwa tupu, viti vimelala chali, watu wanachungulia nyuma ya ghala na nyuma ya magari. Ni watu wawili tu waliobaki wameketi. Baba na Mama. Hawakuwa wamesogea hata kidogo. Mama alikuwa ameshika mdomo, mabega yanatikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka, na akampiga Baba kwa kiwiko.

"Mzee! Amka, mikate inaungua!"

Baba akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Mimi Baba simjui kwa kucheka namna hiyo. Alijikokota mpaka kwa keki, akaingiza kiganja kizima, akaitoa saa yake ikiwa nyeupe yote, akaiweka sikioni hivyo hivyo na krimu ikimtiririka shingoni, akasikiliza mpaka kengele ikajimaliza yenyewe.

"Hii ndiyo ilikuwa inaniamsha kwenda kwa tanuri," akaniambia. "Kengele ilikufa kwanza, kabla saa yenyewe haijafa. Sikuwahi kuwaambia, ya nini? Nilijua sitaisikia tena."

"Na mimi ilikuwa inaniamsha bure," Mama akasema, akifuta machozi. "Mwaka wote wa kwanza wa ndoa. Nilikuwa naichukia sana." Akanyoosha mkono. "Hebu ilize tena."

Baba akaitia ufunguo, akailiza tena. Watu wakarudi mmoja mmoja, wakaangalia, wakaanza kucheka, hata mkwe wa Katelembo alikuja na kitambaa chake na nywele za mbuzi kwenye suti. Keki tulikula, tulikwepa tu lile shimo. Ndoa ya Kioko bado iko, mzee alisema familia yenye vituko kama hivi hawezi kuiacha.

Saa haikupata hata mkwaruzo. Krimu ilikuwa imeshika ukingoni mwa kioo, na nilipoirudisha kwa Mzee Swaleh na kumweleza, alicheka akashindwa kushika bisibisi. Kisha nikaketi kwenye kile kistuli chake nikasikiliza habari ya kifundo cha chini, kile cha kengele, tangu mwanzo, na ya yule bwana mmoja pia, na ni ndefu kweli.

Jumapili iliyofuata pasta alisimama madhabahuni akasema wote tuzime simu. Halafu akatua, akanitazama, akasema, "Na wale wenye vitu vingine vinavyolia, tafadhali vishikeni mkononi." Kanisa zima liligeuka. Nilicheka wa kwanza, ningefanya nini? Lakini nimeapa mbele yenu, tangu siku hiyo mpaka nizikwe, ndani ya sidiria yangu hakitaingia kitu chochote chenye springi.