Doña Eulogia na Injini Isiyoshuka

Watu wa mtaa wetu wa gereji, hapa Cochabamba, huniuliza mimi habari za Doña Eulogia Terrazas kana kwamba ni shangazi yangu. Si shangazi yangu; Doña ni neno la heshima tu, kama kusema Bibi. Mimi naitwa Severo, naziba pancha ng'ambo ya barabara, na kwa miaka kumi na minane nilimtazama kila asubuhi akipanga meza yake kwenye lango la gereji ya Rocabado. Hukoroga api, ule uji wetu wa mahindi ya zambarau, na kukaanga maandazi ya jibini makubwa kuliko uso wangu. Ni mfupi, ana nywele za misuko miwili mirefu, na mdomo wake hauna breki. Dereva akilalamika kwamba uji ni mzito, humjibu, "Nenda kanywe kwa mkeo, yeye anapika maji."

Pale langoni alijifunza magari bila kushika spana. Alijua klachi ya gari dogo hubadilishwa kabla hajamaliza sufuria ya pili. Alijua breki za nyuma humalizika wakati maandazi ya kwanza bado yana moto. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa na macho, basi.

Rocabado ni fundi hodari, hilo siwezi kumnyima. Tatizo lilikuwa kalamu yake. Kwetu mwenye gari hununua spea mwenyewe, na kifaa kibovu hurudishwa mkononi mwake kimefungwa kwenye gazeti. Kwa hiyo fundi mwenye tamaa hana pa kuongezea ila kwenye ufundi, na hapo Rocabado hakuwa na haya. Kazi ya asubuhi moja aliiandika siku mbili, kazi ya mtu mmoja akaiandika ya watu watatu.

Sisi tulijua. Mimi nilinyamaza kwa sababu nusu ya matairi yangu yalitoka kwake, na naona aibu kuliandika hili. Doña Eulogia naye alinyamaza. Maji ya kupikia yalitoka kwenye bomba la Rocabado, umeme wa taa yake ulitoka kwa Rocabado, na nafasi ile ya langoni ndiyo iliyomsomesha binti yake Nieves, aliyekuwa mwaka wa mwisho wa uuguzi. Angefukuzwa pale, masomo ya Nieves yangeishia njiani. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

Basi, siku ya Alhamisi, mzee Hilarión alikuja kuchukua gari lake dogo la kubebea watoto wa shule. Ni mchimba madini mstaafu, mpole mpaka unakereka. Gari lilikuwa linavuja oili. Rocabado akampa karatasi: kushusha injini, kubadilisha sili ya nyuma, kupandisha injini, mafundi watatu, siku mbili.

Mzee aliisoma, akaikunja, akaikunjua tena.

"Fundi, hii ni ya ufundi peke yake? Spea si nilinunua mimi, seti nzima ya sili na gaskiti?"

"Mzee wangu, injini haishuki kwa maombi. Vijana wameumia migongo."

"Hizi ni hela za mwezi mzima, fundi."

"Basi liache gari hapa, ukizipata uje."

Doña Eulogia alikuwa anamwagia mtu api. Aliweka kijiko chini. Nilimwona nikiwa kwangu, nikaacha tairi nililokuwa naziba, kwa maana namjua.

"Rocabado," akasema, "injini hiyo ilishuka lini?"

Gereji nzima iligeuka. Rocabado akacheka kidogo.

"Doña, wewe koroga uji. Mambo ya injini utayajulia wapi?"

"Sijui kitu. Nauliza tu. Ilishuka Jumanne au Jumatano?"

"Jumatano."

"Na mlimmwagia Pachamama saa ngapi?"

Hapo lazima niseme jambo moja. Katika mtaa wetu injini iliyoshushwa na kupandishwa haiwashwi kabla ya kumwaga pombe kidogo chini, kwenye pembe za gari, kumwomba Pachamama, yaani Mama Ardhi, asitudai damu. Kila gereji hufanya hivyo, ya msomi na ya mlevi. Mwaka ambao kijana mmoja wa Rocabado alisahau, jeki iliteleza na vidole vyake viwili vikabaki chini. Kijana huyo, Ponciano, bado yupo pale, na alikuwa amesimama nyuma ya bosi wake na spana mkononi.

Rocabado alifungua mdomo. Ningeapa kwamba alitaka kusema, "Saa nne." Lakini vijana wake wote walikuwa wanamtazama, Ponciano zaidi, na Rocabado mwenyewe ni mtu wa milima ya juu, mama yake alimlea kwa imani hiyo. Anaweza kumdanganya dereva yeyote aliyezaliwa na mwanamke. Kusema amempa Pachamama kitu ambacho hakumpa, hilo lilimshinda.

"Haikushuka," akasema Ponciano polepole. "Tulibadilisha gaskiti ya juu tu. Oili ilikuwa inachuruzikia nyuma."

"Asubuhi moja," akasema Doña Eulogia. "Sikuwa hata nimemaliza sufuria."

Rocabado alichukua karatasi mkononi mwa mzee, akaichana, akaandika nyingine. Mzee Hilarión alilipa kazi ya asubuhi moja na kuondoka haraka, kama mtu anayeogopa kuitwa tena. Kisha Rocabado akamgeukia Doña Eulogia.

"Kesho usiweke meza hapa."

"Nilijua kabla sijafungua mdomo," akajibu. Akamalizia kuuza, akaosha sufuria, tena kwa maji ya bomba la Rocabado, bila haraka yoyote.

Kesho yake alfajiri alinikuta nafungua.

"Severo, sogeza matairi yako."

"Doña, mimi na Rocabado tunaelewana..."

"Mmeelewana miaka kumi na minane. Pumzikeni kidogo."

Nikasogeza, naye akapanga meza yake mlangoni kwangu. Ningefanyaje? Wiki ya kwanza biashara ilikuwa mbaya, na aliyeogopa nilikuwa mimi. Yeye alikoroga tu. "Nieves ana mtihani Novemba," aliniambia, "na mimi nina mahindi. Wewe ziba pancha."

Wiki ya pili madereva walianza kuvuka barabara. Mzee Hilarión, yule mpole, kumbe alikuwa amesimulia stendi nzima. Mtu akipewa karatasi katika gereji yoyote, alikuja kwanza kunywa api upande wetu, akauliza, "Doña, wamemwaga?" Naye angesema ndiyo, au hapana, au "Huyo sikumwona, muulize Severo." Kwa hiyo hata mimi nikalazimika kuwa na macho.

Halafu, baada ya miezi mitatu, Rocabado mwenyewe alivuka. Alikuwa na oili mpaka kwenye nyusi.

"Doña, nimeshusha injini ya lori. Ya kweli. Siku tatu. Mwenye lori hataki kulipa mpaka wewe uje uone."

"Kuna watu watano kwenye foleni."

"Nitasubiri."

Akasubiri. Doña alipomaliza kuuza, alivuka naye, na mimi nikafuata. Aliinama chini ya lori, akagusa nati, akaona vumbi lote limeondoka na alama mpya za spana. "Mwageni," akasema. Ponciano akamwaga kwa mkono wake wa vidole vitatu, pembe zote nne, na lori likawaka mara moja.

Mwenye lori, jitu la tumbo kubwa, akamwinamia Doña Eulogia akitabasamu.

"Sasa, Doña, kwa kuwa wewe ni mtu wetu, mwambie anipunguzie kidogo. Huyu si ndiye mwizi wenu?"

"Mtu wa nani?" akauliza. "Siku tatu wamelala chini ya gari lako kwenye baridi. Toa yote."

"Lakini Doña..."

"Yote."

Jitu likatoa. Miaka yote ile nilikuwa nimemwona Rocabado akipokea hela za ufundi akitazama pembeni, kuelekea mtaroni. Siku hiyo alizipokea akimtazama mtu usoni.