Plasta ya Demetria na Sauti ya Bibi Mwanakombo

Saa mbili asubuhi, chumba cha Demetria Nikodemu, hapa Temeke, kimejaa watu utadhani kuna msiba. Msiba hakuna. Kuna harusi, alasiri ya leo, Gongo la Mboto, na wimbo wa kumtoa mwali nje bado uko vipande viwili juu ya meza.

Kipande cha kwanza ni sauti ya marehemu Bibi Mwanakombo, bibi yake mwali, akiimba peke yake bila ngoma. Kanda yake ni hiyo moja tu duniani. Cha pili ni ngoma za Newala, kwao bwana harusi. Kila upande unataka chake kitangulie, na watu wameshaanza kununiana.

Demetria amewaambia hapatakuwa na wa kwanza wala wa pili. Atavipiga pamoja, kanda moja, wakati mmoja.

"Shikamoo zenu nimeitikia zote, sasa nipisheni nipumue," anawaambia watoto waliobanana dirishani.

Siku za kazi mama huyu mzaliwa wa Ndanda yuko kiwanda cha nguo. Siku za mapumziko hutengeneza tepu rekoda za watu, na malipo yake mara nyingi ni kuku au kibaba cha mchele. Hajalalamika.

Tatizo la leo ni kwamba ngoma zimerekodiwa chini na Bibi ameimba juu. Ukizicheza pamoja, masikio yanauma.

Lakini Demetria ana dawa yake. Ndani ya kila mashine kuna kijiti cha chuma kinachovuta kanda. Yeye hukizungushia plasta, ile ile ya kufungia kidonda. Kijiti kikinenepa, kanda inakwenda mbio, na sauti inapanda.

"Panda na hizo ngoma zako," anasema Bi Tunu, mama yake mwali, ambaye hajaondoa macho kwenye meza. "Sauti ya mama usiiguse. Ukimharibu huyo, mwanangu, mie sina mwingine."

Plasta inazungushwa mara mbili. Mashine zinawashwa. Lo, zimekutana, mpaka watoto dirishani wanaanza kutikisa mabega.

Ubeti wa pili, mambo yanaharibika. Ngoma zinazama taratibu, Bibi anabaki juu peke yake. Demetria anaongeza plasta. Mwisho unakubali, mwanzo unakataa. Anabandua, anabandika. Jasho linamtoka na jua linapanda. Bi Tunu ameanza kuzungusha tasbihi.

Ghafla Demetria anamgeukia Mzee Mfaume, mjomba wa bwana harusi, ambaye mwenyewe alipiga ngoma hizo.

"Mjomba, siku ile mliyorekodi, mvua ilinyesha?"

"Ilikuwa imetoka kunyesha."

"Na moto?"

"Kuni zilikuwa mbichi. Tulianza hivyo hivyo."

Demetria anajipiga paji la uso na kucheka kwa sauti. Ngozi ya ngoma ikipata unyevu hulegea, na kadiri unavyoipiga ndivyo inavyozidi kushuka. Ndiyo maana ngoma huoteshwa moto kwanza, ngozi ikaze.

"Nimekulia kwenye ngoma, nimeokota majani makavu ya kuziotesha moto tangu sijui kujifunga kanga," anasema. "Nikajua plasta, nikasahau moto. Mji huu utanimaliza."

"Baadaye tulipata majani," Mzee Mfaume anakumbuka. "Tukasimama, tukaziotesha."

Kanda inasogezwa mbele. Inasikika miali ikitatarika, mtu anakohoa moshi, wengine wanamcheka. Kisha ngoma inalia, kavu, imesimama.

Plasta mzunguko mmoja tu. Kipande hicho cha moto ni kifupi, kwa hiyo Demetria anakinakili tena na tena, anaunga nakala kwa wembe na gundi mpaka zinatosha urefu wa wimbo. Mashine ya tatu, iliyoazimwa kutoka tawi la chama, inarekodi zote mbili pamoja. Kanda ya Bibi haijaguswa na wembe.

Alasiri, Gongo la Mboto, mwali anasimama mlangoni. Bibi Mwanakombo anaanza kuimba, na ngoma za Newala zinamwingia chini ya sauti kama zilikuwa zikimsubiri. Wanawake wa pande zote mbili wanajikuta katikati ya uwanja. Hakuna anayeuliza nani katangulia.

Bi Tunu hachezi. Amekaa kando ya mashine, mkono juu ya mfuniko wake.

"Mama kaja harusini," anasema, na machozi anayaacha yamwagike.

Demetria anasema ameamua. Akipata likizo atapanda basi la kusini na mashine magotini, mpaka Ndanda, kwa mama yake mzazi.

"Nimeshika sauti za mama za watu, Temeke nzima," anasema. "Wa kwangu anaimba kuwashinda, na sina hata neno lake moja. Na moto wa ngoma nitauwasha kwanza."